Pikipiki Yako Niliiuza kwa Saini Yako

Mjomba,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na hali yako siwezi kuiuliza. Ya kwangu nitakueleza ilivyo: naogopa. Leo ni Jumamosi. Ofisi imefungwa tangu saa saba mchana, mimi nimebaki mezani kwangu na karatasi za mzigo wa korosho ambazo zingeweza kungoja hadi Jumatatu. Nimezisogeza pembeni. Nje malori yamejipanga hadi karibu na lango la bandari, madereva wamelala chini ya matela, na hakuna wa kuniuliza naandika nini.

Pikipiki imeondoka, Mjomba. Hii ni wiki ya tatu. Namna ilivyoondoka ndiyo inayonikosesha usingizi, na wewe ndiye mtu wa kwanza niliyepaswa kumwomba radhi. Nimechelewa. Nilitaka kwanza nipate maneno mazuri, sikuyapata.

Ulifariki injini ikiwa imefunguliwa. Silinda ilikuwa mezani bandani, imefunikwa na kanga kuukuu ya mkeo, Bi Somoe, na skrubu zote zilikuwa kwenye mikebe ya maziwa, kila moja imefungwa katika kipande cha karatasi chenye mwandiko wangu. Ulikuwa ukiniita "karani wangu" hata kabla sijaajiriwa, kwa ajili ya vikaratasi hivyo. "Huyu hata akifunua chungu ataandika tarehe," ulimwambia Fundi Selemani, mkacheka wawili mkinitazama. Sikukasirika. Nilikuwa naogopa tu kwamba tukiifungua pikipiki ya miaka ile, iliyotengenezwa Uingereza kabla mama hajazaliwa, hatutajua kuirudisha.

Baada ya maziko sikuingia bandani. Nilipita mlangoni nikienda kazini, nikirudi, nikitazama upande mwingine.

Siku ya arobaini, hitima imekwisha na watu wameshakula, mama aliniita ndani. Wazee wa upande wetu walikuwa wamekaa kwenye mkeka, katikati kuna sahani ya unga wa mtama. Nilijua kinachokuja, maana nimeona wengine wakirithishwa jina tangu utotoni. Sikudhani lako lingenijia mimi, mtu ambaye hata simu ya bosi naiacha iite mara tatu ndipo niipokee. Mama alikuwa amekulilia wewe kaka yake hadi sauti imekauka. Alinipaka unga kwenye paji la uso akasema, "Athumani amerudi." Wazee wakaitikia, "Amerudi." Basi. Kazini nikabaki Yusufu. Nyumbani Magomeni, hapa hapa Mtwara, nikawa wewe.

Wanavyonitania, ungefurahi. Watoto wa jirani wananiita babu na kunipokea mfuko nikitoka kazini, kisha wanakimbia wakicheka. Fundi Selemani akiwa chini ya pikipiki ya mteja ananyoosha mkono bila kunitazama: "Mzee Athumani, hebu nipe spana, au magoti yanauma?" Na Bi Somoe ndiye mbaya kuliko wote. Nikichelewa kufika kumjulia hali, ananingoja barazani. "Mume wangu, leo umechelewa. Au umeoa mke mdogo huko bandarini?" Majirani wanaangua kicheko, mimi natafuta pa kuweka macho. Halafu ananipa chakula, na ninamwona akigeukia ukutani anapokipakua.

Pamoja na jina nilipewa pikipiki. Kwa watu wetu, waliovuka Ruvuma na desturi zao, mali ya mjomba humfuata mpwa, na hakuna aliyeuliza. Mungu hakuwajalia watoto, kwa hiyo hakukuwa na wa kubisha. Lakini mimi nimesoma, Mjomba. Nilijua kwamba dini inampa mkeo fungu lake, na mama lake, na kwamba mahakamani mali ya marehemu haiguswi mpaka ateuliwe msimamizi wa mirathi. Nilijua siku ileile, unga ukiwa bado usoni. Nikanyamaza kwa sababu Bi Somoe alinyamaza.

Tena nilikuwa na neno lako. Ulilisema wodini, siku ile ulipokataa uji. "Ikishaunguruma, iuze. Usiiache iozee bandani kama mimi humu. Bi Somoe mwekee bati mpya." Nikaitikia. Nilidhani tutaiuza pamoja.

Tulianza kazi mwishoni mwa mwezi wa sita. Fundi Selemani alikuwa anafunga gereji yake ya bodaboda saa kumi na moja, anakuja na mfuko wa spana. Pistoni ilikuwa imeganda kabisa. Yeye alitaka kuipiga nyundo siku ya kwanza, unamjua. Nilimwambia ulivyokuwa ukisema: "Usilazimishe. Ikikataa iache, kanywe chai, urudi." Tukamimina dizeli ndani ya silinda tukaiacha siku tisa. Siku ya kumi tuliigonga taratibu kwa kipande cha mti, ikashuka. Selemani aliketi chini palepale akasema, "Mzee alikuwa mchawi." Tangi tulilijaza kokoto ndogo na siki, tukalitikisa kwa zamu mpaka kutu yote ikatoka kama uji wa udongo. Spoku na cheni tuliagiza Dar es Salaam. Kabureta niliisafisha mwenyewe, kwa mswaki na sindano, ikanichukua siku mbili, na nilipomaliza nilikuta nimebaki na springi moja ambayo haina karatasi. Nusura nilie. Ilikuwa ya kalamu yangu.

Jambo moja hukuniambia. Chini ya madigadi na kwenye fremu kulikuwa na ngozi nyeusi, ngumu kama lami. Nilidhani ni uchafu wa miaka. Nilikaa Jumapili nzima nikiikwangua kwa kisu na mikono mitupu, nikaipasha moto kidogo ili ilainike, moshi ukanipanda usoni. Asubuhi mikono ilikuwa imevimba na kutoka malengelenge. Bi Somoe aliitazama akapiga makofi ya mshangao. "Mtoto wa Mtwara unaungua na maganda ya korosho! Shule ilikufundisha nini?" Ndipo aliponieleza kwamba kila mwaka, kabla ya mvua, ulikuwa ukikamua mafuta ya maganda na kuyapaka chini ya pikipiki kama watu wanavyopaka nguzo za nyumba, ili chumvi ya Msimbati isiile. Wiki ile niliificha mikono chini ya meza ofisini, nikisingizia mzio. Lakini pale nilipokwangua, Mjomba, chuma kilikuwa kipya. Kinang'aa. Sehemu iliyobaki sikuigusa tena.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi ikawaka. Selemani alipiga kiki mara nyingi hata nikaacha kuhesabu, kisha ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikashika. Ule mlio wake mzito wa polepole, unaohisi unagonga kifuani. Mimi nilicheka kwa sauti, jambo ambalo huwa silifanyi. Bi Somoe alitoka jikoni na tui likimdondoka vidoleni. Alisimama mlangoni. Nilidhani atapiga kigelegele.

"Zima," alisema.

Selemani hakusikia, akaongeza mafuta.

"Zimeni, nawaambia. Mnaniletea mtu ambaye hashuki."

Tukazima. Miaka yote uliyofanya kazi ya zahanati, ulipokuwa ukitoka Kilambo na Mahurunga na sanduku lako la dawa, huo mlio ndio uliokuwa unamwambia aweke maji ya kuoga motoni. Sikulifikiria hilo. Nilikuwa nimelifikiria kila kitu kingine.

Mnunuzi alipatikana kwa picha alizotuma Selemani kwenye kundi la mafundi la simuni. Mtu wa Arusha, mtaratibu, anakusanya pikipiki za zamani na kuzitunza. Alikuja mwenyewe. Alipiga magoti mchangani na suruali yake nzuri, akapitisha mkono chini ya madigadi, akauliza ni rangi gani ile nyeusi. Nilipomweleza alicheka akasema huko kwao hawajawahi kuona. Alikuwa hapa siku tatu. Kwa siku tatu alisikia kila mtu akiniita Athumani. Kwa hiyo alipotoa mkataba alikuwa ameshaandika jina, akisoma kwenye kadi ya pikipiki: majina yako yote matatu. Aliniuliza kwa adabu tu, kama mtu anayethibitisha, "Bwana Athumani ndiye wewe, sivyo?"

Mbingu ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi upande wa Ruvuma. Bati za Bi Somoe ulizijua wewe mwenyewe. Mwaka jana mlilala na beseni kitandani. Nilipiga hesabu ya miezi ya mahakama, nikamtazama mtu ambaye ana tiketi ya kesho yake. Nikasema, "Ndiye mimi."

Sikuwa nadanganya. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Jina nilipewa mbele ya wazee, juu ya mkeka, kwa unga. Lakini jina nililorithi ni moja, na mimi nilitia saini yote matatu. Ile saini yako yenye mkia mrefu niliijua tangu nikikusaidia kujaza fomu za pensheni. Niliiandika kwa mpigo mmoja, Mjomba. Mimi ambaye humwaga chai nikimpelekea bosi. Na alipotaka nakala ya kitambulisho, nilikimbia hadi ofisini, nikachukua chako kwenye bahasha ya kaki ya karatasi zako za pensheni, nikaongeza wino wa mashine ya nakala mpaka uso wako ukawa kivuli. Hiyo si desturi ya mtu yeyote. Hilo nililifanya kwa ujuzi wa kazi yangu.

Pikipiki ilifungwa kwenye lori kwa kamba na magodoro. Bi Somoe hakutoka kuitazama. Wiki hiyohiyo mafundi walipanda juu ya nyumba. Mvua ya kwanza iliponyesha aliniita niingie ndani nisikilize, tukakaa wawili tukisikiliza mvua juu ya bati mpya, hakuna tone lililoingia. "Umenitunza, Athumani," alisema, na sijui alikuwa anamwambia nani.

Jumatano mnunuzi alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya uchangamfu. "Bwana Athumani, nabadilisha umiliki hapa, mfumo unadai alama ya kidole cha muuzaji. Ingia ofisi ya mapato hapo Mtwara, weka dole gumba, dakika tano tu."

Nikamwambia sawa. Nilikata simu nikaenda chooni nikakaa humo mpaka mwenzangu akagonga mlango.

Kidole chako tumekizika. Mimi nilikuwa mmoja wa walioingia kaburini kukupokea. Na mimi ni karani wa ofisi inayoaminika kwa sababu ya karatasi zake. Mtu akijua kwamba karani huyu huandika saini za wafu, nani atamwachia tena hata kufungua barua? Hayo ya kazi. Ya polisi sijayamaliza kuyawaza.

Jana nilimweleza Bi Somoe kila kitu. Alikuwa anachambua mchele. Hakushtuka, hakunigombeza. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Sasa unalia nini? Andika karatasi kwamba alikupa pikipiki akiwa hai. Mimi nitasema nilikuwepo." Na akaanza kuielezea, Mjomba, kama jambo lililotokea. Kwamba ilikuwa Ijumaa, kwamba uliomba kalamu, kwamba yeye alikuinua mgongo kwa mto, kwamba ulisema, "Mpeni mpwa wangu." Alisema hata kalamu ilikuwa ya rangi gani.

Nikamsahihisha. Nikamwambia usiseme Ijumaa, Ijumaa alikuwa amepelekwa chumba cha eksirei asubuhi na mchana alilala, sema Jumatano. Akasema haya, Jumatano. Nikatoa karatasi kwenye mkoba wangu. Nikaandika hati yote kwa lugha nzuri ya kiofisi, nikaacha nafasi ya shahidi ambapo yeye angeweka dole gumba lake. Halafu nikatia saini yako. Ilitoka vizuri kuliko ile ya kwanza.

Hapo ndipo niliposimama. Nilitazama ule mkia mrefu, nikamtazama yeye amejipangusa vumbi la mchele mkononi, ameshanyoosha kidole, anangoja nimwonyeshe pa kubonyeza. Mwanamke uliyemkuta anasali sala tano na umemwacha anasali sala tano. Alikuwa tayari kwenda kuapa uongo juu ya siku zako za mwisho, ambazo ndizo alizobaki nazo, ili mimi nisiogope. Ningemwacha afanye hivyo, kila anapokukumbuka wodini angekukumbuka na kalamu ambayo hukuishika.

Nilichana karatasi. Alikasirika. "Utafungwa, na mimi nitapeleka chakula mahabusu kwa miguu hii?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Hujui, hujui, umesoma nini basi!" Akabeba ungo wake akaingia ndani. Sikumfuata.

Leo, kabla ya kuanza barua hii, nilimpigia mnunuzi. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisibabaike, nikababaika vilevile. Nilimwambia mimi ni Yusufu, mwenye jina lile alifariki mwezi wa nne, jina nililirithi lakini saini niliighushi. Nilisikia mtu wa upande wake akifagia. Kisha mnunuzi akauliza, taratibu kabisa, "Sasa mimi nimenunua kwa nani?"

Nilisema nitafungua mirathi mahakama ya mwanzo, na nikiteuliwa nitamuuzia upya kwa haki, na akitaka kwenda polisi ni haki yake, na akitaka kurudisha pikipiki nitaipokea ingawa fedha zake ziko juu ya paa la mjane na itabidi nimlipe kidogo kidogo kwa mshahara wangu. Akasema, "Nitakupigia." Sasa ni saa tisa. Hajapiga. Simu iko hapa mbele yangu, nimeigeuza uso chini, kisha nimeigeuza tena.

Nilikuja kukuomba ushauri na nimekuta nakusimulia tu. Ungesema niiache, nikanywe chai, nirudi. Lakini hii haiachiki, Mjomba. Nisamehe kwa mkono wako nilioutumia wewe ukiwa huna wa kuuzuia. Nisamehe na kwa uso wako nilioutia wino.

Jumatatu asubuhi nitaomba ruhusa kazini, na nitasema sababu yake. Nitakwenda mahakamani na cheti chako cha kifo, na nitampitia Bi Somoe kwanza. Kama bado amekasirika nitakaa barazani mpaka atoke, kwa kuwa mirathi ni yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine, na jina lake ndilo nitakaloomba liandikwe juu. Nakuahidi haya mawili. Hakimu akiuliza nani alitia saini, nitajibu mimi, hata sauti ikikatika njiani. Na mkeo hataulizwa chochote kukuhusu wewe isipokuwa kile alichokiona kwa macho yake.

Mungu akulaze pema, Mjomba. Nafunga ofisi sasa, nakwenda Magomeni kuona kama atanifungulia mlango.

Mpwa wako,
Yusufu